Kunakili Flora ya Rembrandt kwa rangi za mafuta: mwongozo kwa anayeanza

Kila ninapopokea kundi jipya la wanafunzi, maswali ni yaleyale. "Mwalimu, rangi ya ngozi nachanganyaje?" "Nianze na uso?" "Mbona yangu imekuwa tope?" Nimeyajibu kwa mdomo, nimeyajibu kwa ujumbe wa sauti usiku wa manane, na sasa nayaandika yakae mahali pamoja. Nimechagua picha moja tu na nitakwenda nayo tangu kitambaa kitupu mpaka vanishi, maana kupaka rangi hakufundishiki kwa maneno ya jumla.

Picha yenyewe ni Flora, ambayo Rembrandt, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, aliichora Amsterdam karibu na mwaka 1654. Flora alikuwa mungu wa kike wa maua na majira ya kuchipua katika dini ya Warumi wa kale, na sherehe zake, Floralia, ziliangukia mwishoni mwa Aprili. Rembrandt alimchora zaidi ya mara moja. Ile ya 1634, iliyoko makumbusho ya Hermitage kule St. Petersburg, imejaa nguo za fahari. Hii ya baadaye imetulia. Mwili wa mwanamke umetuelekea, lakini uso ameugeuzia kushoto kwetu, tunamwona upande. Kichwani ana kofia pana iliyozungushiwa majani na maua. Amevaa blauzi nyeupe yenye mikono mipana, aproni ya manjano ameikusanya kwa mkono mmoja ikabeba maua, na mkono wa pili ameunyoosha, nao umeshika maua. Tangu 1926 picha hii iko Metropolitan Museum of Art, New York.

Naipendekeza kwa anayeanza kwa sababu tatu. Umbo lake ni kubwa na rahisi. Rangi zake ni chache. Na inafundisha jambo ambalo wanafunzi wangu wengi hulipata wakiwa wamechelewa: mwanga hautoki kwenye rangi kali, unatoka kwenye giza lililo jirani yake na kwenye unene wa rangi yenyewe. Ukilishika hilo hapa, utalitumia kwa picha ya bibi yako, ya soko, ya ngalawa, ya chochote.

Na kama kuna anayekuambia kunakili ni wizi, mwambie kwamba Rembrandt mwenyewe mwaka 1639 alikaa kwenye mnada wa Amsterdam akaichora haraka picha ya mtu aitwaye Castiglione, kazi ya mchoraji Mwitaliano Raphael, kabla haijaondoka mbele ya macho yake. Mchoro huo upo mpaka leo, makumbusho ya Albertina, Vienna.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kanvasi ya sentimita 50 kwa 46. Picha halisi ni sentimita 100 kwa 91.8, kwa hiyo kila upande ni nusu ya ule wa picha halisi. Makumbusho mengi yanayoruhusu watu kunakili hudai nakala isilingane ukubwa na kazi yenyewe, na ni desturi nzuri kuifuata hata ukiwa nyumbani.
- Rangi za mafuta, tyubu saba: nyeupe ya titani (chukua tyubu kubwa, hii ndiyo huisha kwanza), oka ya manjano (manjano ya udongo), siena iliyochomwa (kahawia nyekundu), amba mbichi (kahawia ya giza), nyeusi ya mfupa, nyekundu nyepesi ya kadimiamu na manjano ya kadimiamu. Bluu haimo, wala sijaisahau. Utaona huko mbele.
- Brashi nne: mbili pana na ngumu, moja ya wastani, moja nyembamba laini. Zile ngumu kwa kawaida ni za nywele za nguruwe. Kwa asiyetaka kuzigusa, zipo za nailoni ngumu zinazofanya kazi hiyohiyo.
- Kisu cha kuchanganyia rangi, kile chembamba kinachonesa.
- Mafuta ya kitani na tapentaini, kila kimoja chupa ndogo.
- Vitambaa vikuukuu vya pamba, vingi kuliko unavyodhani.
- Kipande cha kioo au ubao laini wa kuchanganyia, rula, chaki, na boksi tupu. Boksi lina kazi yake maalumu.

Muda: wiki sita hadi nane kabla ya kungojea vanishi, si kwa sababu kazi ni nyingi, bali kwa sababu rangi ya mafuta haikubali kuharakishwa.

Tahadhari moja ya maisha, isome kabla ya yote. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto chenyewe na kinaweza kuwaka moto bila kibiriti. Kitandaze nje kikauke, au kiloweke kwenye kopo la maji kabla ya kukitupa. Tapentaini nayo itumie madirisha yakiwa wazi, na mtoto asiifikie.

Kazi yenyewe

1. Pata picha nzuri ya kufuata. Tangu 2017 Metropolitan imeachia picha za kazi zake za zamani zitumiwe na yeyote, bure, kwa ubora mkubwa. Pakua kutoka tovuti yao na uchape nakala mbili zenye kimo cha sentimita 30: moja ya rangi, moja ya nyeusi na nyeupe. Karatasi ya A3 inatosha. Usichanganye vyanzo. Ukiokota nyingine mitandaoni utakuta hiyo ni ya kijani, ile ya chungwa, na utabaki unabishana na skrini badala ya kupaka rangi.

2. Andaa kitambaa. Kanvasi ya dukani ikiwa tayari imepakwa nyeupe, ruka hatua hii. Usipoipata, nunua marekani nzito, ile pamba isiyopaushwa, uiwambe kwenye fremu ya mbao mpaka ukiigonga kwa kidole ilie kama ngoma. Paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, iache ikauke, kisha mikono miwili au mitatu ya jeso (rangi nyeupe ya msingi ya kuandalia kanvasi), ukipiga msasa laini katikati. Kosa la kawaida hapa ni kupaka rangi ya ukutani badala ya jeso. Hufyonza mafuta yote, na baada ya muda rangi yako huanza kubanduka.

3. Ua weupe. Chukua amba na oka kidogo, zimumunye kwa tapentaini hadi ziwe nyepesi, paka kanvasi nzima kisha futa kwa kitambaa. Unatafuta rangi ya chai ya maziwa iliyokolea. Rembrandt na wenzake hawakuanzia kwenye weupe mtupu. Walianzia katikati, wakashuka kwenda gizani na kupanda kwenda kwenye mwanga. Mtu anayeanzia kwenye weupe huona kila rangi aliyoweka kama giza, naye huogopa giza mpaka mwisho wa kazi. Acha ikauke siku mbili au tatu.

4. Piga miraba na uchore. Kwenye karatasi piga miraba ya sentimita 3. Kwenye kanvasi, kwa chaki, ya sentimita 5. Kote utapata safu 10 kwenda chini na 9 kwenda upande, na kipande chembamba kitabaki pembeni. Hicho ndicho uthibitisho kwamba vipimo vyako vinaoana. Sasa chora kwa brashi nyembamba na amba iliyomumunywa: ukingo wa kofia, mstari wa paji la uso, pua na kidevu, mabega, mkono ulionyooshwa, mfuko wa aproni. Usichore kope, usichore petali, usichore lulu alizovaa. Ukishamaliza, geuza kanvasi na karatasi juu chini uvitazame tena. Makosa uliyokuwa huyaoni yatajitokeza.

Kofia huwapotosha wengi. Ukingo wake ni duara linaloonekana kwa ubavu, kwa hiyo halina pembe mahali popote. Likipata pembe, Flora atakuwa amebeba sinia.

5. Giza na mwanga, bila rangi. Waholanzi wa karne ya 17 waliiita hatua hii *doodverf*, yaani rangi mfu. Weka pembeni ile nakala ya rangi kabisa. Tumia ya nyeusi na nyeupe. Kwa amba na nyeupe peke yake, zikiwa na tapentaini na bila mafuta ya kuongeza, jenga picha nzima katika ngazi nne: giza la usuli (sehemu ya nyuma ya mwanamke) na kofia, giza la kati, nusu mwanga, na mwanga wa blauzi na uso. Kaza macho mpaka yafumbe nusu. Kinachopotea ukifanya hivyo si cha hatua hii.

Hapa ndipo kazi inapopona au kufa. Nakuomba usikimbilie uso. Mwanafunzi akiniletea uso uliomalizika katikati ya kanvasi tupu, najua tayari kwamba uso huo utafutwa, kwa sababu alikuwa hana cha kuulinganisha nao. Piga picha kwa simu, iondolee rangi, iweke kando ya ile karatasi. Zikifanana ukiwa umbali wa hatua tatu, endelea. Zisipofanana, rekebisha sasa. Baadaye itakugharimu mara kumi. Kisha subiri wiki nzima.

6. Usuli na kofia. Kuanzia hapa unaweza kuongeza mafuta ya kitani kidogo, na kila tabaka liwe na mafuta kuliko la chini yake. Ukigeuza mpangilio huo, la juu hukauka kabla ya la chini, kisha hupasuka.

Usuli changanya nyeusi ya mfupa, oka na amba. Tazama kitu kitakachotokea: nyeusi na oka zikikutana huzaa kijani cha zeituni. Ndiyo maana sikukuandikia bluu. Nyeusi hiyohiyo ukiipa nyeupe inakuwa kijivu kinachoelekea bluu, na kikikaa kando ya manjano na nyekundu, jicho linakisoma kuwa bluu kamili.

Usitumie nyeusi peke yake kutoka kwenye tyubu. Nakala yangu ya kwanza niliipaka usuli hivyo, na mwanamke alionekana kama amekatwa kwa mkasi na kubandikwa kwenye shimo. Giza la Rembrandt lina hewa. Upande mmoja jepesi, upande mwingine zito, na penye ukingo wa bega linayeyuka.

7. Uso. Usinunue ile tyubu iliyoandikwa rangi ya ngozi. Kwa uso huu: sehemu nne za nyeupe, mbili za oka, nusu ya nyekundu. Huo ni mwanga. Kwa kivuli, punguza nyeupe, ongeza amba na siena. Kati ya mwanga na kivuli weka utepe mwembamba wa kijivu cha nyeusi na nyeupe chenye tone la oka. Huo utepe ndio unaofanya shavu lizunguke. Nyekundu zaidi iende kwenye shavu, ncha ya pua, midomo na sikio. (Ukija kuchora ngozi zetu, rangi ni zilezile, siena na amba zinatangulia, nyeupe inafuata kwa adabu, na ule utepe wa kijivu unabaki na kazi yake.)

Kwa sababu uso umegeukia upande, mstari wa paji, pua na kidevu una uzito mkubwa. Wengi huuchora kwa ukali mmoja kuanzia juu hadi chini kama ramani ya pwani. Usifanye hivyo. Pengine uufanye mkali, pengine uuache ulainike kwenye usuli, ukifuata nakala yako ya karatasi. Lulu ziwe mwisho: doa la kijivu, na juu yake nukta moja ya nyeupe. Nukta moja.

8. Mkono wa blauzi. Hapa ukae. Chukua wikendi mbili ukihitaji.

Ukitazama kwa haraka ule mkono mweupe ulionyooshwa, utaapa kwamba ni mweupe. Chukua karatasi nyeupe safi, iweke juu ya nakala yako iliyochapwa kwa rangi, karibu kabisa na blauzi. Utashangaa: sehemu kubwa ya "weupe" ule ni kijivu, ni krimu, ni rangi ya mchanga. Weupe wa kweli ni vijipande vichache kwenye migongo ya mikunjo, pale mwanga unapogonga.

Asubuhi kabla ya kuanza, kamua nyeupe nyingi juu ya lile boksi na uiache nusu saa. Boksi litanyonya mafuta na rangi itabaki nzito, inayosimama. Kisha andaa weupe wanne kwenye kioo: wa kwanza nyeupe na amba, wa kivuli kizito, wa pili nyeupe, nyeusi kidogo na oka, wa kivuli chepesi, wa tatu nyeupe na oka kiasi cha punje ya mchele, wa nne karibu nyeupe tupu.

Wa kwanza na wa pili paka ukiwa mwembamba, ukiacha rangi ya chini ionekane hapa na pale. Wa tatu paka kwa brashi ngumu, ukifuata mwelekeo wa mkunjo: kitambaa kikishuka, brashi ishuke, kikizunguka, izunguke. Wa nne weka kwa kisu au brashi iliyojaa, mpigo mmoja, kisha inua mkono. Usirudi kulainisha. Rangi nene ina kingo zake ndogo, na kila ukingo unashika mwanga halisi wa chumba chako na kutupa kivuli halisi chini yake. Ndiyo maana blauzi ile inaonekana kung'aa ilhali hakuna rangi inayong'aa ndani yake. Ukiisugua, kingo zinakufa na unabaki na unga uliokandwa.

Kipimo changu: weupe wa nne wote ukiukusanya pamoja usizidi eneo la sarafu mbili tatu.

Rembrandt alitumia nyeupe ya risasi, ambayo ni sumu, usiitafute. Titani ina nguvu zaidi na ni baridi zaidi, kwa hiyo itumie kidogo kuliko unavyodhani na uipe oka mara kwa mara.

9. Aproni na maua. Manjano ya Rembrandt yalitengenezwa kwa risasi na bati. Sisi tunafika karibu kwa oka, nyeupe na kadimiamu kidogo. Kivuli chake ni oka na amba. Usikipe nyeusi, kitageuka kijani. Aproni iwe na giza kuliko blauzi hata pale inapong'aa, vinginevyo vitashindana na mtazamaji hatajua atazame wapi.

Maua: usihesabu petali. Madoa ya rangi, mengine yamezama kivulini, mawili matatu tu yamepata mwanga.

10. Mikono miwili. Fanya kwa rangi zile za uso, ila zishushe kidogo. Vidole vichore kama kundi kwanza, kisha tenganisha viwili tu. Halafu acha. Mikono inaharibiwa na kuongeza.

11. Kukausha na kumalizia. Simamisha kanvasi mahali penye hewa, si kwenye jua. Usiipake vanishi kabla ya miezi sita, na penye rangi nene subiri mwaka. Wanaoishi pwani, iwekeeni vipande vidogo vya mbao nyuma isigusane na ukuta; unyevunyevu wetu huotesha ukungu mgongoni mwa kitambaa kabla hujajua. Mgongoni hapo andika jina lako, tarehe, na maneno haya: *Nakala ya Flora ya Rembrandt*. Mbele usitie saini yake hata kwa mazoezi.

Ikikwama

*Kila kitu kimekuwa tope.* Ama umechanganya rangi zaidi ya tatu kwa mara moja, ama brashi ya giza imeingia kwenye mwanga. Kwangua sehemu hiyo kwa kisu, futa, rudi kesho na brashi mbili: moja ya giza, moja ya mwanga, zisibadilishane.

*Rangi haikauki.* Nyeupe ya titani na nyeusi ya mfupa ni za polepole. Amba ni ya haraka. Msimu wa mvua huchelewesha zaidi. Bonyeza kwa ukucha penye rangi nene, ikibonyea, ngoja. Usiianike juani wala usiisogeze karibu na jiko.

*Sehemu za giza zimefifia, hazina kina.* Mafuta yamezama kwenye tabaka la chini. Rangi ikishakauka, sugua mafuta ya kitani kidogo mno kwa kitambaa, kisha futa karibu yote. Kina kitarudi.

*Uso umekuwa bapa.* Umesahau utepe wa kijivu, au kivuli chako kina nyeupe nyingi. Rudi kwenye nakala ya nyeusi na nyeupe.

*Blauzi inapiga kelele.* Weupe wa nne umezidi. Usiufunike na kijivu ukiwa mbichi. Ukikauka, pitisha juu yake oka nyembamba iliyomumunywa kwa mafuta, kisha futa kwenye migongo ya mikunjo tu. Mara nyingi hapa ndipo blauzi inapopata ule ukale wake.

*Maua yanaonekana kama stika.* Kingo zake zote ni kali. Chukua kidole kikavu, gusa kingo za yale yaliyoko kivulini, yaache yale mawili ya mbele.

*Sina rangi za mafuta, nina akriliki.* Fanya hatua ya 1 hadi ya 5 kwa akriliki bila shida, na mafuta yaje juu yake. Kinyume chake, akriliki juu ya mafuta, usijaribu, itabanduka.